Msafiri wa Biashara na Simu Yake
Mfanyabiashara wa Kishapu aendaye Mwanza kununua bidhaa zamani alifunga fedha kibindoni, akasafiri na hofu ya kuporwa. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, baada ya Kenya mwaka 2007, hofu hiyo ilipungua. Siri yake ni wepesi: ilitumika hata katika simu ndogo ya vitufe, bila intaneti, kwa orodha fupi ya Kiswahili.

Tunawausia vijana wetu watengenezao programu za wasafiri: maneno yawe machache, gharama ionekane, na jina la mpokeaji lisomeke kabla ya kuthibitisha. Kwani tarakimu moja ikikosewa, mtaji wa familia huangukia mkononi mwa mwingine. Nasi ikitufikia fedha isiyo yetu, tuirejeshe. Hiyo ni amana, si riziki.