Kwa Nini Mzee Hapendi Kuulizwa Ana Mbuzi Wangapi

Afisa wa mifugo anapofika bomani na kuuliza, "Mna mbuzi wangapi?", yeye anawaza dozi za chanjo. Mwenye boma anasikia jambo jingine. Kwa wazee wengi wa Kitui na Makueni mali haihesabiwi kwa sauti, na watoto ndio kabisa: iliaminika kwamba idadi ikitamkwa huita mkosi. Kwa hiyo afisa akijibiwa "Wapo tu" au "Ni wachache", asidhani amedharauliwa. Amejibiwa kwa adabu.

Lakini si imani peke yake. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliona kwamba ng'ombe wa Ukambani wamezidi malisho, ikawachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei duni. Makueni wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos. Maelfu ya watu wakiongozwa na Muindi Mbingu walikwenda Nairobi kumdai Gavana ng'ombe wao, wakakaa huko wiki kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu uhamishoni, ingawa kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kupunguza mifugo kwa nguvu. Mtu ambaye babu yake alinyang'anywa ng'ombe na watu wa serikali ana sababu ya kuuliza daftari hilo ni la nini.

Tena ana haki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuelezwa habari zake zitatumiwaje.

Maafisa wetu, basi, waanze na salamu, waeleze sababu, ndipo waulize. Kwa watoto, mama aombwe kuwataja kwa majina, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba. Hesabu mtaipata wenyewe mkiandika. Kwa mbuzi, ulizeni dozi ngapi zitatosha. Jibu ni lile lile, ila hapo kinachohesabiwa ni dawa.

Nanyi wananchi, chanjo ya sotoka ya mbuzi ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Afisa aliyeambiwa "wachache" atafungua chupa chache, na mbuzi watakaofika mwisho watarudi bila chanjo. Kama hupendi kutaja idadi mbele ya majirani, mwite afisa kando, au mwandikie kwenye karatasi.