Serikali za Wanafunzi na Umoja wa Taifa

Huko Njiro, jijini Arusha, kipo Chuo cha Uhasibu, ambacho wanafunzi wake, kama wenzao wa vyuo vingine nchini, wana serikali yao yenye rais na mawaziri. Na yule ambaye wenziwe wamekwisha kupata fedha za kujikimu, waziitazo bumu, naye jina lake halimo katika orodha ya kusaini, humwendea waziri wa mikopo, mwanafunzi kama yeye, ili amfikishie shauri lake kwa afisa mikopo wa chuo.

Lakini yapo mambo yasiyokatwa Njiro. Kiwango cha bumu hakiamuliwi na chuo, na mbele ya Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, rais wa chuo kimoja hana uzito mkubwa. Ndipo ilipo haja ya TAHLISO, jumuiya inayoziunganisha serikali za wanafunzi wa elimu ya juu. Mwanachama wake ni serikali ya chuo, wala si mwanafunzi mmoja mmoja, hata mwenyekiti wa taifa huchaguliwa na viongozi wa vyuo, na mwanafunzi wa kawaida huenda asimjue kwa jina wala kwa sura.

Umbali huo wanitia wasiwasi, kwa kuwa historia yetu imekwisha kutuonyesha madhara yake. Machi 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga nyongeza ya maslahi ya mawaziri na wabunge. Mamia wakafukuzwa, jumuiya yao, DUSO, ikavunjwa, na mahali pake ikawekwa MUWATA, Muungano wa Wanafunzi Tanzania, chini ya himaya ya chama tawala. Ulikuwa umoja wa taifa kwa jina na kwa katiba, lakini wanafunzi wa chuo hicho hawakuuhesabu kuwa wao, na baada ya miaka kama kumi na mitatu wakawa na jumuiya yao wenyewe, DARUSO.

TAHLISO haikuzaliwa hivyo, na hiyo ni fadhila kubwa. Udhaifu wake ni muda: kiongozi wa chuo kwa kawaida hukaa mwaka mmoja, huku akisoma na kufanya mitihani, na akiisha kuelewa namna Bodi inavyofanya kazi, muhula wake umekwisha. Kwa hiyo siku ya makabidhiano ya ofisi, pamoja na mihuri na funguo, lazima yakabidhiwe majalada ya barua zote zilizoandikwa na majibu yake, na mrithi ayasome mbele ya bunge la wanafunzi kabla hajatumwa kwenda kusema kwa niaba yao.