Asiyekula dagaa Murangi: simu yake imhesabie nini?

Kwa mtu wa Murangi, kuacha nyama si kazi kubwa, kwani nyama hailiwi kila siku. Kazi ni kuacha dagaa. Hapa na katika vijiji vingine vya Majita vinavyopakana na Ziwa Victoria, dagaa waliokaushwa juani ndio kitoweo cha wengi, na siku akipatikana sato au sangara nyumba hufurahi. Anayeamua kula mimea tupu, asiguse samaki, maziwa wala mayai, hubaki na ugali wa muhogo au mtama, maharage, kunde, karanga, mchicha, kisamvu na viazi vitamu. Watu wa namna hii ni wachache, lakini wapo, baadhi yao kwa kufuata mafundisho ya afya ya Waadventista Wasabato, kanisa lenye mizizi mirefu katika mkoa wetu wa Mara. Wakifungua simu janja wanakuta programu tele zinazojinadi kuwasaidia. Nionavyo mimi, nyingi ya kazi za programu hizo hazina mahali huku, ila iko moja yenye thamani kubwa: kuhesabu kile ambacho jicho na tumbo haviwezi kukiona.

Tuziondoe kwanza zisizofaa. HappyCow, iliyoanzishwa mwaka 1999, humwonyesha mtu migahawa ya vyakula vya mimea. Inamfaa msafiri aliyeko London, si mkulima wa Murangi anayekula kwake. Open Food Facts, iliyoanzia Ufaransa mwaka 2012, husoma msimbopau ulioko kwenye pakiti na kueleza kilichomo ndani. Itasaidia kwa biskuti ya dukani. Lakini maharage yanapimwa kwa sado, mchicha unauzwa kwa fungu, na fungu halina msimbopau.

Zilizobaki ni programu za kuhesabu virutubisho, kama Cronometer, na hapa ndipo penye faida. Gramu 100 za unga wa muhogo hazina zaidi ya gramu 2 hivi za protini, wakati karanga za uzito huohuo zina gramu 25 hivi. Mtu akiingiza milo yake ya wiki moja, ataona mara moja kama ugali umemeza sahani na maharage yamekuwa mapambo. Kubwa zaidi ni vitamini B12. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, ila mimea ya shambani haitoi kiasi cha kutegemewa. Hupatikana kwenye samaki, nyama, maziwa na mayai. Ini huweka akiba yake, ndiyo maana aliyeacha dagaa anaweza kukaa miaka miwili au mitatu akijiona mzima kabisa, kisha ganzi ianze miguuni, uchovu umwandame na kumbukumbu ipungue. Jambo la kutia hofu ni kwamba mchicha na maharage vina foleti nyingi, nayo foleti inaweza kuficha dalili za upungufu huo kwenye damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Mwili umenyamaza, lakini safu ya B12 kwenye simu inasoma sifuri. Onyo hilo peke yake linatosha kulipia bando.

Hata hivyo, hesabu ya simu ni sahihi kwa kadiri ya ulichoiingizia. Ukiandika maziwa ya soya, programu inaweza kukuhesabia B12, kwa sababu yale ya viwanda vya ng'ambo mara nyingi huongezewa vitamini hiyo. Soya uliyoisaga na kuichemsha mwenyewe haina. Unga nao ni vivyo hivyo. Tangu mwaka 2011 kanuni za Tanzania zinataka unga wa ngano na mahindi wa viwandani uongezewe madini ya chuma, zinki, foleti na B12, lakini muhogo uliosagwa kwenye mashine ya kijijini haumo. Kwa vyakula vyetu kuna majedwali yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo cha Harvard, na watengenezaji wa programu wangeanzia hapo. Tena simu hukupa jumla ya madini ya chuma bila kujua kwamba umeshushia maharage kwa chai ya rangi, ambayo hupunguza ufyonzwaji wake, au kwa chungwa, ambalo huuongeza.

Wapo watakaosema wazee waliishi bila simu na hawakudhurika. Ni kweli, lakini wazee walikula samaki na kunywa maziwa. Wengine watauliza mwenye kitochi afanye nini, na programu zenyewe nyingi si za Kiswahili. Swali hilo ni la haki. Lakini kinachohitajika ni wiki moja ya kuandika, si maisha yote. Mwenye simu janja nyumbani au kanisani anaweza kuwahesabia wengine. Baada ya wiki hiyo, usijitibu kwa kioo cha simu. Peleka hesabu yako kituo cha afya, umwambie mhudumu waziwazi kwamba huli samaki, maziwa wala mayai, na umuulize kuhusu vidonge vya B12. Mjamzito na anayenyonyesha wasisubiri hata hiyo wiki.