Fedha Isiyo na Jina la Mwenyewe

Wakulima wenzangu wa skimu,

Baada ya mavuno ya viazi, mkulima mmoja wa hapa Elburgon alifika ofisini kwetu na simu mkononi. Alikuwa amemtumia mtu asiyemjua shilingi 5,000 ili amnunulie Bitcoin. Simu ikamwonyesha kwamba zimekuwa shilingi 9,000. Alipotaka kuzitoa, akaambiwa alipe kwanza ada ya shilingi 2,000. Akatuuliza, "Bwana Karani, nimshitaki nani?" Kwa ajili ya swali hilo naandika haya.

BITCOIN NI NINI?

Ni fedha isiyoshikika mkononi. Aliyeibuni alijiita Satoshi Nakamoto, na mpaka leo hajulikani ni nani. Aliieleza mwaka 2008, nayo ikaanza kutumika Januari 2009. Haitolewi na benki wala serikali iliyoianzisha. Kompyuta nyingi ulimwenguni hutunza nakala za daftari moja, na kila malipo huandikwa humo. Sarafu zake hazitazidi milioni 21. Mtu aweza kumtumia nduguye aliye ng'ambo bila kupitia benki. Lakini bei yake hupanda na kushuka sana: Novemba 2021 sarafu moja ilifika karibu dola 69,000, mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000.

JE, NI SIRI KWELI?

Fikiri daftari la maziwa la chama chenu. Tuseme limebandikwa ukutani, nalo halina majina, ila namba tu. Mpita njia ataona kwamba namba 47 ameleta lita 12. Lakini jirani akijua kwamba namba 47 ni wewe, atasoma maziwa yako yote tangu siku ya kwanza. Bitcoin ni vivyo hivyo. Mwaka 2021 wezi wa kompyuta waliilazimisha kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani kuwalipa Bitcoin 75. Wapelelezi wakafuata namba katika daftari, wakapata 63.7.

MAONI MAWILI

Wengine husema, "Mapato yangu ni siri ya nyumba yangu." Wanaona kwamba M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, huandikishwa kwa jina na kitambulisho, na kampuni ya simu huona kila shilingi ipitayo. Wengine hujibu kwamba pazia limfichalo mtu mwema humficha mwizi pia. Ukikosea namba ya M-Pesa waweza kuomba upesi fedha izuiwe. Katika Bitcoin hakuna wa kumwomba.

Kila upande una haki yake. Si lazima jirani ajue umeuza magunia mangapi. Lakini siri yako ni kitu kimoja, na siri ya yule anayepokea fedha yako ni kitu kingine.

SHERIA

Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliwaonya watu juu ya sarafu hizi. Mwaka 2025 ilitungwa sheria inayotaka makampuni yanayofanya biashara hiyo yawe na leseni.

YAFAAYO KUFANYWA

1. Kabla ya kutoa shilingi moja, uliza jina la kampuni na leseni yake.
2. Anayetaka ada kabla ya kukurudishia fedha yako, usimlipe.
3. Ukiwa na sarafu hizi, usimwambie mtu maneno yako ya siri. Ukitunza sarafu mwenyewe na kuyapoteza, hakuna ofisi itakayokupa mengine.
4. Fedha ya mbegu, mbolea na karo ya watoto isiingie humo kamwe.

Yule mkulima tulimzuia asilipe zile shilingi 2,000, tukampeleka polisi. Shilingi zake 5,000 hazijarudi. Alichoweza kuwaonyesha polisi ni kimoja tu: ujumbe wa M-Pesa wenye jina na namba ya mtu aliyempokea. Hilo daftari kubwa la ulimwengu halikumsaidia, kwa maana fedha yake huenda haikufika huko hata siku moja.

Basi, ndugu mkulima, ficha fedha yako ukitaka, lakini usimkabidhi mtu aliyejificha.