Ngozi, Mlinzi wa Lango la Mwili

Ngozi ni mlinzi asiyefungua lango ovyo. Hilo ndilo linalozishinda dawa nyingi za kupaka zitokanazo na peptidi, yaani minyororo mifupi ya vijenzi vya protini.

Mfano ni siklosporini, peptidi yenye viungo 11, iliyopatikana katika kuvu wa udongo wa Norwei. Mwaka 1979 waganga walitangaza kwamba iliwapa nafuu wagonjwa wa soriasisi. Lakini dawa hiyo ikimezwa huweza kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Ikajaribiwa kupakwa, nayo haikufaa kitu: molekuli zake ni kubwa mno, hazipenyi tabaka la juu la ngozi.

Basi mzazi auziwaye krimu ya peptidi kwa bei ya juu, akiambiwa itamponya mtoto pumu ya ngozi, na aulize kwanza: je, dawa hii hupita langoni? Krimu za steroidi hupita, na huleta nafuu; ila zile kali zikipakwa kupita kipimo cha daktari huifanya ngozi kuwa nyembamba. Kila siku mtoto na apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato, mara tu atokapo kuoga. Mlinzi akitunzwa, boma husalimika.