Kitabu Kimfaacho Mkuzaji wa Okidi

Okidi husifiwa sana kwa uzuri wa maua yake, lakini mche mchanga huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Ukifa kwa kutunzwa vibaya, fedha na taabu ya mwenyewe hupotea pamoja. Kwa hiyo yampasa mkuzaji kutafuta mafundisho mema, wala si kila kitabu chenye picha nzuri kinacho mafundisho hayo.

Kwanza, na atazame mwandishi alikuzia wapi mimea yake. Vitabu vingi vyatoka Ulaya na Marekani, ambako okidi hutunzwa katika nyumba za vioo zitiwazo joto wakati wa baridi. Kitabu cha namna hiyo kikisema mmea uwekwe penye dirisha la kusini, hayo ni maneno ya nchi za kaskazini. Kenya imepitiwa na ikweta: mwezi wa Juni jua huelekea kaskazini, na mwezi wa Desemba huelekea kusini. Tena majira yake hufuata mvua.

Pili, kitabu chema hutenga aina mbalimbali. Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi kama ya chui, hushika miti, na mizizi yake hutaka hewa. Ikifukiwa katika udongo wa shamba, huoza. Aina nyingine humea ardhini. Pia kitabu hicho hutaja urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa mmea uliozoea joto la Mombasa waweza kudhoofika kwa baridi ya usiku wa Nairobi, iliyo juu kiasi cha mita 1,700.

Tatu, yasomwe maneno yake juu ya mbegu. Mbegu za okidi ni kama vumbi, wala hazina akiba ya chakula. Porini husaidiwa na kuvu. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha ya kwamba zaweza kuoteshwa ndani ya chupa safi, juu ya utomvu mzito wenye sukari. Kitabu kinachoagiza zipandwe kitaluni kama mbegu za kabichi hakifai.

Vile vile kuna vitabu vya kutambua mimea na vitabu vya kuikuza. Orchids of Kenya cha Joyce Stewart, cha mwaka 1996, hueleza okidi za nchi hii na mahali zimeapo. African Orchids in the Wild and in Cultivation, cha Isobyl na Eric la Croix, cha mwaka 1997, huunganisha mambo yote mawili.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi na achague mmea mmoja anaoujua, asome habari zake kitabuni. Akikuta maelezo ya mwanga, maji, hewa na mahali uliposhika mizizi porini, kitabu hicho chamfaa. Asipoyakuta, na akirudishe rafuni.