Maisha ya mkopo: nilichojifunza kwa Mikael Forssell

Kuna neno moja la soka ambalo vijana wa maofisini tunalielewa kuliko hata makocha: mkopo. Una meza, una kompyuta, una kitambulisho kinachoning'inia shingoni, lakini mkataba wako ni wa miezi 6. Una mpenzi, wadogo zake wanakuita shemeji, lakini posa haijulikani ni lini. Upo, halafu ni kama haupo.

Mimi nimeishi hivyo miaka 3, mkataba baada ya mkataba. Ndiyo maana wenzangu wakianza kubishana nani mshambuliaji bora wa enzi zetu, wao wanataja Henry na Drogba, mimi namtaja Mfini mmoja ambaye wengi wameshamsahau. Jina lake Mikael Forssell, au Miklu kama wanavyomwita kwao. Jamaa alikuwa na kipaji si mchezo, lakini sehemu kubwa ya ujana wake aliitumia akiwa mali ya watu wengine.

Kijana mdogo, klabu kubwa

Forssell alizaliwa Machi 15, 1981 huko Steinfurt, Ujerumani, lakini soka lake lilikulia Helsinki, mji mkuu wa Ufini, katika klabu ya HJK. Desemba 1998 Chelsea wakamchukua. Alikuwa na miaka 17 tu! Hebu fikiria, wewe ukiwa na umri huo ulikuwa wapi? Wengi wetu tulikuwa sekondari tunasubiri kengele ya mchana.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mapema 1999 aliifungia Chelsea mabao mawili kwenye Kombe la FA dhidi ya Oxford United. Ila mbele yake kulikuwa na foleni: Gianfranco Zola, Tore Andre Flo na Gianluca Vialli ambaye alikuwa mchezaji na kocha hapo hapo. Mwaka 2000 wakaongezeka Jimmy Floyd Hasselbaink na Eidur Gudjohnsen. Dogo akapelekwa kwa mkopo Crystal Palace. Baadaye goti likaanza kumsumbua, na mwanzoni mwa 2003 akapelekwa Borussia Mönchengladbach kule Ujerumani.

Kisha majira ya joto ya 2003 Roman Abramovich akainunua Chelsea na pesa zikaanza kumwagika. Wakaja Hernan Crespo na Adrian Mutu. Forssell akafungishwa tena virago, safari hii kwenda Birmingham City.

Msimu wake bora, kwenye nyumba ya kupanga

Sasa hapa ndipo jamaa anaponiacha hoi. Mtu mwingine angenuna. Angecheza ilimradi siku ziende, akisubiri kurudi London. Yeye aliifungia Birmingham mabao 17 ya ligi katika msimu wa 2003/04. Akawa mfungaji wao bora, na timu ya Steve Bruce ikamaliza nafasi ya 10 kwenye Ligi Kuu ya Uingereza.

Nilimsimulia mke wangu kisa hiki wakati bado tu wachumba. Yeye si mtu wa mpira kabisa. Akaniuliza swali moja, "Sasa alijituma hivyo kwa watu ambao hata si wake, ili iweje?"

Swali zuri. Nililibeba siku kadhaa. Jibu langu ni kwamba mabao hayawi ya mkopo. Jezi ni ya Birmingham, mkataba ni wa Chelsea, lakini yale mabao 17 yameandikwa jina la Forssell na hakuna wa kuyachukua. Kazi nzuri unayoifanya ukiwa kwenye mkataba wa muda ni yako. Ukisema utajituma siku utakapothibitishwa, unaweza kujikuta umeitupa miaka yako mizuri ukisubiri barua. Na yeye alikuwa hajui kwamba ule ndio ungekuwa msimu wake wenye mabao mengi zaidi katika ligi ile.

Waliomchukua huku wanajua

Birmingham wakaomba mkopo uendelee msimu uliofuata. Zilichezwa mechi chache tu, goti likagoma. Upasuaji, mazoezi ya taratibu, miezi mingi ya kuwatazama wenzako wakicheza. Chelsea nao mwaka huo huo walishamleta Didier Drogba, na mwaka 2005 wakatwaa ubingwa wa Uingereza. Kwa kifupi, kule hakukuwa na mtu anayemsubiri.

Sasa sikia. Mwaka 2005 Birmingham wakamsajili moja kwa moja. Hawakununua kitu ndani ya mfuko. Walikuwa na jamaa wakati goti linaharibika, kila kitu wamekiona, bado wakasema huyu tunamtaka.

Mimi naona hapo ndipo penye kiini cha kisa chote, na ndipo kinapotugusa sisi wenye wapenzi. Kupendwa ukiwa unafunga mabao 17 ni rahisi. Kila mtu atakupenda ukiwa na gari na mshahara umeingia. Anayekuchagua baada ya kukuona kitandani, huna kitu na hujui kesho yako, huyo ndiye aliyekuchagua kweli.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba mambo yakawa asali mara moja. Msimu wake wa kwanza kama mchezaji wao halali alifunga mabao 3 tu ya ligi, na Birmingham ikashuka daraja. Msimu uliofuata timu ikapanda, ila yeye alicheza kwa nadra kwa sababu ya majeraha. Kuchaguliwa hakuponyi goti. Wanandoa mnaonisoma mnajua ninachosema: kuna miaka unampa mtu imani yako yote, na hairudi chochote.

Jumamosi ya Machi 1, 2008

Tottenham walikuja Birmingham wakiwa bado wananukia sherehe, maana siku 6 tu kabla walikuwa wameifunga Chelsea fainali ya Kombe la Ligi. Wakachapwa 4-1. Forssell peke yake alitupia matatu, na akawa mchezaji wa kwanza wa Birmingham City kufunga mabao matatu katika mechi moja ya Ligi Kuu. Mwenye goti bovu ndiye aliyeingia kwenye historia yao.

Msimu huo alimaliza na mabao 9. Hata hivyo timu ikashuka tena daraja, naye akaondoka kwenda Hannover 96. Baadaye akapita Leeds United, akarudi nyumbani HJK, akaenda Bochum, akarudi tena Helsinki. Alimalizia HIFK, akatundika daluga mwaka 2017. Timu ya taifa aliichezea mechi 87 na kuifungia mabao 29. Ufini ilifuzu kwa mara ya kwanza fainali za Ulaya mwaka 2019, wakati yeye ameshastaafu. Miaka yote ile ya kuuma meno, karamu ikaliwa na wadogo zake.

Tunabaki na nini?

Wapo watakaosema angekuwa mkubwa zaidi kama si lile goti. Sawa, lakini mbona miaka karibu 20 ya soka la kulipwa si haba? Mimi namwona ni mtu aliyefanya kazi kwa moyo pale alipokuwa, si pale alipotamani kuwa.

Kwa hiyo msomaji wangu, kama uko kwenye mkataba wa muda, fanya kazi inayobaki na jina lako hata wakikuondoa kesho. Kama uko kwenye penzi ambalo halijawa na jina, penda kwa moyo, ila muda ukifika uliza: unanisajili au unaniazima? Una haki ya kujua. Miaka haisimami, na Chelsea ilikaa naye zaidi ya 6.

Na kama kuna mtu alikuona goti lako likivunjika na bado akabaki, msifanye mchezo naye. Huyo si wa kuachia dirisha la usajili lipite hivi hivi. Haya, kazi kwenu!